Amri ya Nane na Jina la Mfarisayo

Liko neno moja tulilozoea kulitamka pasipo kulipima. Mtu akionekana kanisani kila Dominika, huku nyumbani watoto wake wakikosa ada ya shule kwa ajili ya pombe, twamwita Mfarisayo. Jirani akisali kwa sauti kuu kisha akatoka kwenda kusengenya wenzake, twasema, “Huyo ni Mfarisayo kabisa.” Mzazi humwambia mtoto hivyo, katekista huwaambia wanafunzi wake hivyo, na hata katika mahubiri neno hilo hutumika kana kwamba halina maana nyingine ila unafiki. Hatuoni kosa, maana twadhani twasema kama Injili isemavyo.

Lakini wako watu walio hai leo, wenye nyumba zao, watoto wao na sala zao, ambao wawahesabu Mafarisayo kuwa baba zao katika imani. Watu hao ni Wayahudi. Je, tumewahi kujiuliza jina hilo lasikikaje masikioni mwao? Tena, kubwa zaidi: je, tunayoyasema juu ya Mafarisayo ni kweli? Maana amri ya nane haikusema tusimshuhudie uongo jirani tumpendaye tu, wala jirani aliye karibu tu. Jirani wa mbali ni jirani, na hata marehemu wana haki ya kusemwa kwa haki.

Swali hilo twataka kuliangalia leo kwa msaada wa watu ambao huenda wasomaji wetu hawakutazamia kuwakuta katika ukurasa huu. Ni mabingwa wa elimu wa Kiyahudi, ambao kwa muda wa miaka 200 hivi wamezichunguza Injili na kuandika juu ya Bwana wetu Yesu Kristo. Hawamsadiki kuwa Mwana wa Mungu. Hata hivyo wametufundisha jambo ambalo ingetupasa kulijua pasipo kufundishwa, nasi yafaa tulikiri deni hilo.

Kwamba Mkristo ajifunze kwa Myahudi si jambo geni. Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Agano la Kale kwa Kilatini, alikuwa na walimu wa Kiyahudi waliomfundisha Kiebrania. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, amtaja mara nyingi Musa Maimonides, aliyekufa mwaka 1204. Humwita Rabi Musa, na hujibizana naye kwa heshima hata pale wasipopatana. Lakini katika karne hiyohiyo, mwaka 1242, mikokoteni iliyojaa vitabu vya Talmudi ilichomwa moto hadharani mjini Paris. Mkono mmoja wa Wakristo ulipokea, na mkono wa pili ulichoma.

Elimu mpya ya Kiyahudi ilianza Ujerumani. Mwaka 1819 vijana kadhaa wa Kiyahudi mjini Berlin, na Leopold Zunz miongoni mwao, waliunda chama cha kuchunguza historia na vitabu vya taifa lao kwa njia zilezile zilizotumika katika vyuo vikuu. Vyuo vikuu vyenyewe havikuipa elimu hiyo kiti. Humo dini ya Kiyahudi ilisomeshwa na Wakristo, kama dibaji tu ya Ukristo. Nayo mara nyingi ilielezwa kuwa mti uliokwisha kukauka Kristo alipozaliwa.

Rabi Abraham Geiger (1810–1874) alithubutu kusema kinyume. Alifundisha kwamba Mafarisayo hawakuwa watu wa kuwatwisha maskini mizigo. Walitaka utakatifu uliokuwa wa makuhani hekaluni uwe wa watu wote, hata mezani kwao na nyumbani mwao. Tena alisema kwamba Yesu wa Nazareti alitembea katika njia yao. Wataalamu wengi wa Kikristo waliudhika sana. Walikuwa tayari kumsikia Myahudi akimkataa Yesu. Hawakuwa tayari kumsikia akisema kuwa Yesu ni wa nyumbani kwake.

Mwaka 1900 mtaalamu mashuhuri wa Kiprotestanti, Adolf von Harnack, alitoa kitabu juu ya kiini cha Ukristo, ambamo Mafarisayo ndio giza na Yesu ndiye nuru. Mwaka 1905 rabi kijana, Leo Baeck, alitoa kitabu juu ya kiini cha dini ya Kiyahudi, kikawa kama jibu. Miaka ikapita, Wanazi wakatwaa madaraka, Wayahudi wa Ujerumani wakanyang'anywa haki zao za uraia. Katika hali hiyo, mwaka 1938, Baeck huyohuyo alichapisha kitabu kingine juu ya Injili, akiwaambia Wayahudi wenzake kwamba Injili ni sehemu ya historia ya imani yao wenyewe.

Mwaka uliofuata, mjini Eisenach, wachungaji na wataalamu wa Kiprotestanti wa Ujerumani walifungua taasisi ya kuondoa katika maisha ya kanisa lao kila alama ya Kiyahudi. Mwaka 1940 wakatoa Agano Jipya lililosafishwa kwa namna hiyo. Wasomaji na waulinganishe mwaka 1938 na mwaka 1940. Myahudi aliyekuwa akiteswa aliishika Injili kama mali ya wazee wake. Wakristo waliokuwa wakiheshimiwa waliipasua ili isimtaje Myahudi. Nani kati yao alikuwa akiitunza?

Wala tusijifariji kwa kuwa hao walikuwa Waprotestanti. Sisi wenyewe, kila Ijumaa Kuu, tuliwaombea Wayahudi kwa neno la Kilatini lililofahamika kuwa ni la kuwashutumu kwa uhaini, mpaka Papa Yohane XXIII alipoliondoa mwaka 1959.

Na hapo twafika kwa mtu ambaye twatamani kila familia ya Kikatoliki ilijue jina lake. Jules Isaac alikuwa mwanahistoria wa Ufaransa, ambaye vitabu vyake vya shule vilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Utawala uliowatumikia Wajerumani ulimfukuza kazi mwaka 1940 kwa sababu ni Myahudi. Katika miaka ya vita alianza kuzisoma Injili katika Kigiriki chake, akizilinganisha na maelezo ya wafafanuzi wa Kikristo. Swali lake lilikuwa la mwanahistoria: je, haya wanayofundishwa Wakristo juu yetu yameandikwa kweli humo? Mwezi wa Oktoba 1943, angali akiandika, mkewe na binti yake walikamatwa, wakapelekwa Auschwitz, wasirudi. Yeye alinusurika, akakimaliza kitabu. Kilitoka mwaka 1948 kwa jina la Jésus et Israël, nacho alikitolea kwa kumbukumbu yao.

Mtu aliyepatwa na hayo angeweza kutuandikia laana, na nani angemlaumu? Isaac aliandika hoja. Alionyesha, fungu kwa fungu, kwamba Yesu alikuwa Myahudi, mwana wa mama Myahudi, aliyesali katika sinagogi na hekaluni. Kwamba mitume wake na waumini wa kwanza walikuwa Wayahudi. Kwamba makutano walimsikiliza kwa furaha. Kwamba haiwezekani kulitwika taifa zima, lililokuwa limekwisha kuenea katika nchi nyingi, hatia ya watu wachache wa Yerusalemu. Yale yaliyoongezwa juu ya Injili aliyaita mafundisho ya dharau.

Tarehe 13 Juni 1960, akiwa na umri wa miaka 82, Isaac alipokewa na Papa Yohane XXIII. Alimkabidhi maandishi yake na kumkumbusha kwamba Katekisimu ya Mtaguso wa Trento ilikuwa imekwisha kufundisha kuwa dhambi za Wakristo zina hatia kubwa zaidi katika kifo cha Kristo kuliko kosa la Wayahudi. Alipoaga aliuliza kama aweza kuondoka na tumaini kidogo. Baba Mtakatifu alimjibu kwamba ana haki ya kupata zaidi ya tumaini. Kisha kazi ikakabidhiwa kwa Kardinali Augustin Bea, Mjesuiti, bingwa wa Maandiko.

Isaac alikufa mwaka 1963, asiyaone matunda. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha tamko Nostra Aetate kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki, na Kardinali Laurean Rugambwa miongoni mwao, walikuwa Mababa wa Mtaguso huo. Basi tamko hilo si la Wazungu peke yao, ni letu pia. Lafundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo. Na kwamba wasionyeshwe kuwa ni watu waliotupwa au kulaaniwa na Mungu.

Sasa turudi kwa Mafarisayo. Kazi iliyoanzwa na Geiger iliendelea. David Flusser, Myahudi mshika dini wa Yerusalemu, aliandika juu ya Yesu mwaka 1968. Geza Vermes akaandika mwaka 1973. Mwaka 2011 Amy-Jill Levine na Marc Zvi Brettler walitoa Agano Jipya lenye maelezo ya wataalamu wa Kiyahudi. Mwaka 2019 Levine, mama wa Kiyahudi, alifundisha katika Chuo cha Kipapa cha Biblia mjini Roma. Mwaka huohuo chuo hicho kiliwakusanya mabingwa wa dini zote mbili kuzungumza juu ya Mafarisayo. Papa Fransisko, sasa marehemu, aliwapokea na kuwakumbusha kwamba jina hilo limegeuzwa tusi, tena kwamba tusi hilo limewadhuru Wayahudi.

Wametuonyesha nini? Mengi yalikuwamo katika Biblia zetu wenyewe, nasi tuliyapita. Mafarisayo ndio waliosadiki ufufuko wa wafu, Masadukayo walipoukana. Luka asimulia kwamba Mafarisayo fulani walimwonya Yesu akimbie kwa sababu Herode ataka kumwua, na kwamba Yesu alikula katika nyumba za Mafarisayo zaidi ya mara moja. Gamalieli aliyewatetea Mitume barazani alikuwa Mfarisayo. Nikodemo aliyeleta manukato ya maziko alikuwa Mfarisayo. Paulo, akiwa amekwisha kuwa mtume, alisimama mbele ya baraza akasema kwamba yeye ni Mfarisayo, hakusema alikuwa. Na Yesu mwenyewe, katika sura ileile ya Mathayo iliyojaa ole, aanza kwa kuwaagiza watu wayashike wanayofundishwa na walimu hao.

Je, basi, Bwana hakuwakemea? Aliwakemea, tena kwa ukali. Lakini yafaa tujue ya kuwa Talmudi yenyewe, kitabu cha warithi wa Mafarisayo, yahesabu aina 7 za Mafarisayo, na nyingi kati ya hizo yazilaumu kwa kujionyesha kwao. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba maonyo yale yalikuwa maneno ya nyumbani. Yalikuwa maneno ya manabii kwa watu wao, na ya ndugu kwa ndugu. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi watu wa mataifa hatukushika jembe. Tuliusikia ugomvi wa ndugu, tukayaokota maneno yao kama mawe, tukawapiga nayo upande mmoja kwa muda wa karne nyingi. Neno likitamkwa na mwana wa nyumba ni onyo. Neno lilelile likitamkwa na mgeni aliye nje ya ua ni matusi. Kisha tukapoteza na faida yake, maana mkemeo uliokusudiwa kumwamsha kila mtu wa dini tuliugeuza uwe habari za watu wengine. Asomaye ole zile akimfikiria Myahudi amezisoma bure. Ilimpasa ajifikirie mwenyewe.

Hapa huenda msomaji akauliza: je, si hatari kumfanya mtu asiyesadiki kuwa mwalimu wetu juu ya Kristo? Hatutamwona Bwana kuwa rabi mmoja tu kati ya wengi?

Tumjibu kwa mfano wa Rabi Jacob Neusner wa Marekani, aliyekufa mwaka 2016. Mwaka 1993 alitoa kitabu ambamo ajiwazia amesimama katika makutano chini ya mlima, akiyasikiliza mahubiri ya Yesu kwa moyo wote. Asikia juu ya Sabato, asikia juu ya baba na mama, asikia mwito wa kuacha yote na kumfuata. Alinganisha kila neno na Torati. Mwisho aona kwamba mhubiri huyu hasemi tu juu ya Mungu; ajiweka mwenyewe mahali ambapo Mungu peke yake aweza kukaa. Kwa hiyo Neusner aaga kwa heshima, arudi nyumbani kwa mkewe na watoto, kwenye Sabato yake.

Tazama basi. Wakristo wangapi wa siku hizi wamemfanya Yesu kuwa mwalimu mwema wa upole, asiyedai kitu? Mtu asiyemsadiki amesikia vizuri zaidi yao ukubwa wa anayoyadai. Papa Benedikto XVI, katika kitabu chake juu ya Yesu wa Nazareti cha mwaka 2007, alimjibu Neusner kwa kurasa nyingi, akakiri kwamba mabishano hayo ya wazi na ya heshima yamemfumbua macho juu ya ukuu wa maneno ya Yesu. Hakumlaumu rabi kwa kusema hapana. Alimshukuru, kisha akaeleza kwa nini yeye asema ndiyo. Kukataa kwa mtu mwaminifu hutufaa kuliko kukubali kwa mtu asiyesikiliza.

Wala mabingwa hawa hawatuombi tufiche tofauti. Mwaka 2000 marabi na wataalamu wengi wa Kiyahudi walitia sahihi tamko la kuwaelekea Wakristo kwa urafiki, na Wayahudi wengine walilipinga, wakiogopa kwamba lafunika yale yatutenganishayo. Twaona pande zote mbili zilifanya vema: wa kwanza kwa kunyosha mkono, wa pili kwa kukumbusha kwamba urafiki usiosema kweli haudumu. Sisi twamsadiki Masiya aliyekwisha kuja. Wao wangali wakimngoja. Hakuna kalamu iwezayo kulifuta hilo, wala hatuna ruhusa ya kulifuta.

Jambo jingine twalisema kwa ufupi, maana twajua laulizwa majumbani. Haya hayahusu siasa za Taifa la Israeli wala vita vyake. Mtaguso ulipokataza chuki ulisema kwa sababu za imani, si za siasa. Mkristo aweza, tena apaswa, kuulilia uchungu wa Mpalestina na wa Mwisraeli, na kuikemea dhuluma popote aionapo. Lakini kosa la serikali si kosa la dini, wala si kosa la mtoto aliyezaliwa Myahudi katika mji wa mbali.

Mwingine atasema: sisi hatujapata kumwona Myahudi, twawezaje kumkosea? Jibu ni kwamba kinywa kilichozoea kumsingizia asiyekuwapo hakitashindwa kumsingizia aliyepo. Kijijini kwetu na mtaani kwetu wako Waislamu, wako Walutheri, wako Wapentekoste, wako wanaozishika mila za babu zao. Je, twasema juu yao yale waliyotuambia wao, au yale tuliyosikia kwa wenzetu? Sisi twaudhika, tena kwa haki, tukisikia fumbo la Utatu Mtakatifu likielezwa kuwa Wakristo waabudu miungu watatu. Twasema, “Mbona hawakutuuliza?” Wayahudi wamekuwa wakilisema neno hilo juu yetu kwa muda mrefu sana.

Basi twapendekeza kanuni nyepesi ya nyumbani. Tusiseme juu ya dini ya mtu neno ambalo tusingethubutu kulisema yeye akiwa ameketi nasi mezani, akilisikia. Mzazi akimwonya mtoto aliyejifanya mwema mbele za watu, na amwite mnafiki. Neno hilo lamtosha. Katekista anapofundisha Mateso ya Bwana na akumbushe kwamba Mama Maria, Yohane na wanawake waliosimama chini ya msalaba walikuwa Wayahudi. Na vijana wanaoigiza Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa Kuu, wanapopiga kelele za makutano, wajue ya kuwa wanaigiza dhambi zao wenyewe. Ndivyo ilivyofundisha Katekisimu ya Trento.

Mzee Isaac alizisoma Injili mkewe na binti yake wakiwa wamechukuliwa, ili aone kama kweli zafundisha kumchukia. Alikuta hazifundishi hivyo, akaja Roma kutuambia. Ilikuwa aibu kwetu kuambiwa na yeye. Itakuwa aibu kubwa zaidi tukiisha kuambiwa tusisikie.